Je, wajua kwa nini mabishano marefu huishia kwa Hitler?

Chukua ubishi wowote: kodi mpya, kocha aliyefukuzwa, mwalimu mkuu aliyekataza simu shuleni. Waache watu wajibizane kwa saa kadhaa. Kabla hawajachoka, kuna atakayekuwa ameshamwita mwenzake Hitler.

Mwaka 1990 mwanasheria Mmarekani, Mike Godwin, aliliona hilo kwenye Usenet, mfumo wa majadiliano ya kompyuta uliotangulia mitandao ya kijamii ya leo. Akalitungia kanuni: kadiri majadiliano yanavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kulinganishwa na Hitler au Wanazi unavyokaribia moja, yaani uhakika kamili.

Kwa nini iwe hivyo? Ukisema jambo ni baya, na mwenzako akasema halina ubaya wowote, utasema ni baya sana. Akikaza, litakuwa janga, kisha maangamizi. Kufikia hapo kila mmoja anajibu ukali wa mwenzake, hoja yenyewe imeshasahaulika. Kupiga chuku ni kupanda ngazi, na kwenye ngazi hii Hitler ndiye kidato cha mwisho, hakuna pa kukanyaga zaidi.

Watazamaji nao wanachochea. Anayeandika kwamba kifungu fulani cha sheria kina kasoro hupitwa tu, lakini anayeandika kwamba sheria hiyo ni ya Kinazi husambazwa usiku kucha. Tena jina hilo humwondolea mtu kazi ya kuthibitisha. Mwanafalsafa Leo Strauss alilionya hilo katika kitabu chake cha 1953: wazo haliwi la uongo kwa sababu tu Hitler naye alikuwa nalo. Hitler alichukia sigara, na utawala wake ulipiga vita tumbaku. Kondakta anayemzuia abiria kuvuta sigara ndani ya daladala hajawa Mnazi kwa hilo.

Kwetu Afrika Mashariki jina linalobebeshwa mzigo huo ni Idi Amin. Mwenyekiti wa mtaa akifunga kikao mapema, ni Amin. Matroni akizima taa za bweni saa nne usiku, naye ni Amin. Hapa ndipo ninapoona ubaya wa jambo hili. Amin alitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, na baadhi ya makadirio ya waliouawa yanafika watu 300,000. Mwaka 1978 majeshi yake yalivamia Kagera, yakaua, yakapora mifugo na kuchoma nyumba. Mzee aliyekimbia uvamizi ule akisikia jina hilo likitajwa kwa sababu ya taa za bweni, amenyang'anywa neno la kuelezea yaliyompata. Atasema nini ambacho msikilizaji hajakisikia tayari kwa jambo dogo?

Godwin alisukumwa na uchungu wa aina hiyohiyo. Wayahudi milioni sita waliuawa, na mauaji yao yalikuwa yamegeuzwa tusi la kumalizia ubishi. Alitaka mtu asite kidogo, afikiri, ndipo aseme.

Hakukusudia kuupiga marufuku ulinganisho wenyewe. Agosti 2017, watu walipoandamana Charlottesville, Marekani, baadhi yao wakiwa na bendera za Kinazi, Godwin aliandika waziwazi kwamba hao walinganishwe na Wanazi bila wasiwasi. Ushahidi ulikuwa mikononi mwao.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Amin mwenyewe. Septemba 1972 alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Aliyemlinganisha Amin na Hitler baada ya siku hiyo hakupiga chuku. Alikuwa anasoma maneno ya Amin.