Rivolva za bei nafuu: kabla ya kuamini maoni ya mmiliki, uliza amepiga risasi ngapi

Ukimuuliza mtu mwenye rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya bei nafuu kama inafaa, atakujibu moja kati ya mawili: "Haijawahi kunisumbua" au "Usiiguse kabisa." Majibu hayo hayana uzito mpaka umuulize amepiga risasi ngapi nayo, na za aina gani. Silaha iliyolala kwenye sefu miaka 10 ikafyatua risasi 30 haijathibitisha lolote ila kwamba silinda inazunguka. Aliyepiga 500, akasafisha na kuendelea, huyo msikilize hata kama analalamika, hasa akiweza kukutajia kilichoharibika na kilianza lini.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wa ziada. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bastola huandikishwa kwenye cheti chako, na ukitaka kuibadilisha unarudi kwenye Bodi ya Leseni za Silaha. Matengenezo ni ya muuzaji aliyesajiliwa peke yake. Fundi wa jua kali wa hapa Nakuru anayeweza kukuchongea shafti ya mashine ya kusaga posho bila mchoro, hii haruhusiwi kuifungua kwa malipo. Kwa hiyo rivolva mbovu uliyoinunua kwa bei ya chini itakugharimu safari, muda na makaratasi. Kagua kabla ya kulipa.

Kwanza tuelewe bei inapunguzwa wapi. Mara nyingi si kwenye chuma cha mtutu wala cha silinda, bali kwenye saa za fundi kiwandani: kusugua sehemu za ndani, kulinganisha kidole kinachosukuma silinda, kukaza mtutu mpaka usimame wima. Kazi hiyo ikiharakishwa, rivolva mbili za modeli moja zilizotoka siku moja zinaweza kutofautiana sana. Ndiyo maana mmoja anaisifu Taurus 85 na mwenzake anaitukana, na wote wanasema kweli.

Hiyo Taurus 85 ya Brazili, yenye vyumba (matundu ya kuwekea risasi kwenye silinda) 5 vya risasi aina ya .38 Special, ndiyo inayozungumzwa zaidi. Husifiwa kwa udogo na urahisi wake. Malalamiko makubwa ni silinda kukwama na kutolingana vizuri na mtutu. Dada yake, Taurus 856, ina vyumba 6 kwa ukubwa unaokaribiana, na kati ya hizo mbili ningechukua ya 856. Armscor 200 ya Ufilipino ni nzito kidogo, kifyatulio chake kinakwaruza na vipini vyake havikai vizuri mkononi, lakini uzito huo unameza msukumo wa kurudi nyuma na kukurahisishia mazoezi. Charter Arms ya Marekani ni nyepesi sana kubeba, na kwa sababu hiyo hiyo inachosha mkono upesi. Heritage Rough Rider ya .22 ni ya kulenga shabaha tu: fremu yake ni ya aloi ya zinki, skrubu hulegea, na inatosha kwa kazi hiyo. Kwa Rossi za .38 na .357 zilizotengenezwa kati ya 2005 na 2017, linganisha namba ya silaha na tangazo la usalama lililotolewa kuhusu hatari ya kufyatuka zikianguka. Usilipe kabla ya kufanya hivyo.

Sasa ukaguzi. Fungua silinda, hakikisha vyumba vyote ni vitupu, chungulia mtutu, kisha rudia tena. Mwombe muuzaji ruhusa, na uwe na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ambavyo makanika hupimia tapeti.

Funga silinda, pima nafasi kati ya uso wake na mwisho wa nyuma wa mtutu. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 ni nzuri. Ikipita 0.25, gesi na vipande vya risasi vinapotea pembeni na vinaweza kumrukia aliyesimama karibu. Ikiwa chini ya 0.08 usifurahi: baada ya raundi chache za risasi za madini laini, masizi yatajaa hapo na silinda itakataa kuzunguka. Pima kwenye kila chumba, kwa sababu uso wa silinda ukiwa umepinda, chumba kimoja kitakuwa sawa na kingine kitakwaruza. Kisha isukume silinda nyuma upime, ivute mbele upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mchezo wa silinda, na ikizidi 0.08 iache dukani.

Kipimo kinachofuata ndicho muhimu kuliko vyote. Weka dole gumba la mkono wa pili ubavuni mwa silinda, uizuie kidogo sana, kisha koki nyundo (ivute nyuma mpaka ishike) taratibu. Kizuizi cha silinda lazima kiingie kwenye tundu lake kabla nyundo haijashika. Utasikia mlio mdogo wa kizuizi, ndipo mlio wa nyundo. Nyundo ikishika huku silinda bado inaweza kuzungushwa kidogo zaidi ndipo ifunge, chumba hakijalingana na mtutu: risasi itaingia kwa upande na kuchongwa. Rudia kwa kila chumba, ukiweka alama ya chaki pale ulipoanzia. Ikishindwa chumba kimoja kati ya 5, imeshindwa.

Nyundo ikiwa imekokiwa na kidole kiko mbali na kifyatulio, isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka, irudishe kwa muuzaji hapo hapo. Kisha, silaha ikiwa tupu na imeelekezwa mahali salama, vuta kifyatulio ukishikilie nyuma, uangalie kati ya nyundo na fremu. Rivolva nyingi za kisasa zina kipande chembamba cha chuma kinachopanda pale kupeleka pigo kwenye pini, na kifyatulio kikiachiliwa kipande kinashuka. Kisiposhuka, kinga ya silaha kuanguka haipo. Kwa rivolva kongwe isiyo na kinga ya namna hiyo, chumba kilicho chini ya nyundo huachwa kitupu.

Iangalie pia kutoka nyuma kama kionea cha mbele (kile cha kulengea) kimelala upande. Hii ni dosari ya kawaida kwenye bei nafuu: mtutu ulikazwa kupita kiasi au haukufika. Kwa kuwa vionea vyake havirekebishwi, utapiga kushoto au kulia daima, na hakuna mazoezi yatakayoliondoa tatizo hilo.

Malalamiko mengi ya "silinda imekwama" yana sababu mbili ndogo. Ya kwanza ni punje za baruti zisizoungua kunasa chini ya nyota inayotoa maganda. Nyota haikai, silinda inasukumwa nyuma na kukwaruza. Dawa ni kuinua mdomo wa mtutu juu unapotoa maganda, na kupitisha mswaki mkavu chini ya nyota. Ya pili ni fimbo ya kusukumia maganda kulegea: ikijifungua nusu mzunguko inarefuka, na silinda haifunguki tena. Ijaribu kwa vidole kila baada ya mazoezi, ukijua kwamba kwenye baadhi ya rivolva uzi wake umegeuzwa.

Risasi isiyolipuka inahitaji uangalifu zaidi. Ikikataa, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha, ndipo ufungue. Kama inakataa ukivuta kifyatulio moja kwa moja lakini inalipuka ukikoki kwanza, springi ya nyundo ni dhaifu: ukivuta moja kwa moja nyundo hurudi nyuma kidogo pungufu, kwa hiyo pigo ni jepesi. Mara nyingi kuna mmiliki wa kwanza aliyekata springi ili kifyatulio kiwe laini. Uzito wa kuvuta kifyatulio moja kwa moja wa kilo 4.5 hadi 5.5 ni wa kawaida kwa silaha hizi. Uzoeshe mkono, usikate springi.

Hali ya hewa nayo huamua. Kisumu, kwa unyevu wa ziwa na jasho la mchana, rivolva ya rangi ya buluu-nyeusi huanza kutu pale inapogusa mwili, kwa hiyo lipa zaidi upate ya chuma kisichoshika kutu. Nakuru adui ni vumbi: usimimine oili ndani, itageuka tope. Tone moja kwenye mhimili wa silinda na kitambaa chenye oili nje vinatosha. Popote ulipo, usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu.

Nikilinganisha thamani, Smith & Wesson Model 10 ya Marekani iliyotumika lakini ikapita vipimo hivi naiweka mbele ya mpya yoyote ya bei ya chini. Asili yake ni ya mwaka 1899 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Shida ni kwamba nyingi zimetumika hadi zikachoka, hivyo fila geji haina huruma kwao pia.

Ukishanunua, tenga fedha za risasi 100 za mazoezi, ndani ya idadi ambayo cheti chako kinaruhusu. Anza na zenye kichwa cha greni 158 (kama gramu 10), kwani vionea vya .38 vingi vimepangiwa uzito huo; kichwa chepesi kinachokwenda kasi hupiga chini zaidi. Kwenye fremu nyepesi, jaza silinda, piga zote isipokuwa moja, kisha itoe hiyo ya mwisho uitazame: kama kichwa kimechomoka kwenye ganda hata kidogo, msukumo unakivuta, na siku moja kitatokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Badilisha aina ya risasi, urudie jaribio.