Pointi za uzoefu zilipwe kwa kazi gani?

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ambapo watu wachache huketi pamoja, mmoja akiwa msimamizi anayeeleza ulimwengu wa kubuni na wengine kila mmoja akimwendesha mhusika wake, mijadala ya ubunifu huelekea upesi kwenye dadu. Watu hubishana kama inafaa kurusha dadu moja yenye pande 20, ambayo kila namba ina uwezekano wa asilimia 5, au dadu tatu za kawaida, ambazo mara nyingi huangukia namba za katikati. Mjadala huo ni halali. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kusimamia meza na kuandika kanuni, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kanuni ya kujadiliwa kwanza ni ile inayosema mhusika analipwa kwa kufanya nini zile pointi za uzoefu ambazo, zikitosha, humpandisha ngazi, yaani kiwango cha nguvu. Dadu huamua kama jambo limefaulu. Malipo huamua ni jambo gani wachezaji watathubutu kulijaribu.

Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha aina hii mwaka 1974 kwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na jibu ambalo leo huwashangaza wachezaji wapya: mhusika hupata pointi moja ya uzoefu kwa kila sarafu ya dhahabu anayoitoa salama kwenye mahandaki, yaani njia na vyumba vya chini ya ardhi vyenye viumbe na hazina. Kuua mazimwi pia kulilipa, tena mwanzoni kulilipa vizuri, pointi 100 kwa kila ngazi ya zimwi. Lakini nyongeza ya kanuni iliyoitwa Greyhawk, iliyotoka mwaka 1975, ilipunguza malipo hayo kwa kiasi kikubwa huku dhahabu ikibaki na thamani yake. Uamuzi huo mmoja ulibadilisha namna mchezo mzima unavyochezwa, na ili kuona ulivyofanya kazi inatubidi tupige hesabu.

Nitatumia toleo la mwaka 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay na David Cook, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa kwa uwazi usio wa kawaida. Humo mpiganaji huhitaji pointi 2,000 ili kufika ngazi ya pili, na goblini mmoja, kiumbe mdogo mwovu wa kubuni, ana thamani ya pointi 5. Kikosi cha wapiganaji wanne kinahitaji pointi 8,000, kwa hiyo wakiamua kupanda ngazi kwa upanga peke yake watalazimika kuua goblini 1,600. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana pointi za uhai kati ya 1 na 8, zikiisha hufa, na pigo moja la kawaida la goblini hupunguza kati ya 1 na 6. Hakuna kikosi kitakachomaliza hesabu hiyo kikiwa hai. Njia iliyobaki ni dhahabu, na mchezaji anayejua hesabu hizi huanza kumtazama goblini kama kikwazo kilichosimama kati yake na hazina, kikwazo ambacho kinaweza kuzungukwa, kudanganywa, kuhongwa au kusubiriwa kilale.

Kanuni nyingine za toleo hilo zinaitikia uamuzi huo. Msimamizi anapokutanisha kikosi na viumbe, anaweza kurusha dadu mbili kuona watakavyowapokea wageni: jumla ya 2 ni shambulio la papo hapo, jumla ya 12 ni urafiki wa dhati, na sehemu kubwa ya matokeo yaliyo katikati huacha nafasi ya maneno. Pia viumbe hupimwa ujasiri wao wakati wa mapigano, hivyo wengi hukimbia kabla hawajafa. Kanuni hizi mbili zingekuwa pambo tu katika mchezo unaolipa kwa mauaji, kwa kuwa zimwi lililokimbia au lililofanywa rafiki lingekuwa hasara kwa wachezaji. Katika mchezo unaolipa kwa dhahabu, hizo ndizo kanuni zinazotumika kila kipindi cha kucheza.

Uzito nao una kazi yake. Toleo hilo hupima mizigo kwa sarafu, sarafu kumi zikiwa ratili moja, na meza zinazofuata hesabu hiyo hugundua kwamba hazina ni tatizo mara tu inapopatikana. Mhusika mwenye mzigo usiozidi sarafu 400 hutembea futi 120 katika zamu ya dakika 10. Aliyebeba zaidi ya 800, silaha na vazi la chuma vikihesabiwa, hutembea futi 30 tu, na juu ya 1,600 hawezi kusogea. Sasa fikiria njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa futi 300. Kikosi chepesi huimaliza kwa zamu mbili na nusu, na kwa kuwa msimamizi huangalia kila zamu mbili kama kuna viumbe wanaozurura, uwezekano ukiwa moja kwa sita, kikosi hicho hukabiliwa na jaribio moja tu. Kikosi kilicholemewa na sarafu huchukua zamu kumi na hupitia majaribio matano, ambayo kwa pamoja yana uwezekano wa karibu asilimia 60 wa kukutana na kitu gizani. Mwenge mmoja huwaka zamu sita, kwa hiyo hata mwanga wa kutokea unahitaji kupangwa mapema. Hapo wachezaji huanza kujadiliana kama waache shaba wabebe dhahabu, kama waajiri wapagazi, kama wafiche nusu ya hazina warudi kesho. Hakuna sura ya kitabu inayowaagiza kujadili hayo. Malipo yaliunganishwa na dhahabu, dhahabu ikaunganishwa na uzito, uzito na muda, na muda na hatari. Sijaona mfumo mwingine wa michezo hii uliofungamana kwa ustadi kama huu, na nasikitika kila ninapokuta mwandishi wa kanuni mpya akifuta kipengele kimoja kwa kudhani kinasimama peke yake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kanuni hii ni la uhalisia: sarafu zitamfundishaje mtu kutumia upanga? RuneQuest, mchezo uliotoka mwaka 1978, ulilijibu kwa kuondoa ngazi kabisa. Kila ujuzi una asilimia yake, na ukifaulu kuutumia katika hali ya hatari unauwekea alama. Baadaye unarusha dadu ya mia, yaani inayotoa namba 1 hadi 100, na ukizidi kiwango chako cha sasa ujuzi huongezeka. Mwenye asilimia 30 hujifunza kwa urahisi, mwenye 80 kwa shida, jambo linalofanana sana na maisha. Nauheshimu mfumo huo. Lakini nao hulipa kitu fulani, yaani kule kutumia ujuzi, na wachezaji huuona mlango huo mara moja: mmoja hubadilisha silaha katikati ya pambano ili kila silaha ipate alama yake. Hakuna malipo yasiyofuatwa na wachezaji, hata yale yaliyowekwa kwa nia ya kuiga maisha tu.

Pingamizi la pili ni la kimaadili, nami naliona zito zaidi. Mchezo unaolipa dhahabu huwafanya mashujaa kuwa waporaji. Ni kweli, na si vyema kuikwepa hoja hii kwa kusema kwamba ni mchezo tu. Jibu langu ni kwamba kanuni hii humlazimisha msimamizi kuamua hazina ni ya nani. Dhahabu iliyo katika kaburi la mfalme mchawi aliyekufa miaka elfu iliyopita na dhahabu iliyo katika nyumba za watu walio hai hulipa pointi zile zile kwa mujibu wa kitabu, ila zinazaa michezo miwili tofauti kabisa, na mwandishi asiyelifikiria hilo ataletewa mezani wizi aliokuwa hakuukusudia.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na mapingamizi hayo, bali na aina mpya ya visa. Kuanzia mwaka 1984, mfululizo wa visa vya mchezo huo wa 1974, ulioitwa Dragonlance, uliwapa wachezaji vita vya kuokoa ulimwengu, vyenye matukio yaliyopangwa mwanzo hadi mwisho, na shujaa anayekimbiza majeshi ya joka hana nafasi ya kurudi nyuma na punda kuchukua magunia ya sarafu. Toleo lake la pili la mwaka 1989 likaifanya pointi ya dhahabu kuwa kanuni ya hiari. Matoleo yaliyofuata yalilipa hasa kwa kushinda maadui. Toleo la tano la mwaka 2014 linadai pointi 300 kufika ngazi ya pili na linatoa 50 kwa goblini, kwa hiyo wahusika wanne hupanda kwa goblini 24 badala ya 1,600. Msimamizi anaruhusiwa kulipa pia kwa maadui walioshindwa bila kuuawa, lakini vita imekuwa njia iliyo wazi kuliko zote, na wachezaji huifuata.

Toleo hilo hilo linaruhusu kuacha pointi kabisa na kupandisha ngazi msimamizi anapoona hatua muhimu ya kisa imefikiwa. Meza nyingi hupenda njia hii kwa kuwa haina hesabu. Mimi siipendi, isipokuwa kwa visa virefu vilivyokwisha kuandikwa, kwa sababu inamnyang'anya mchezaji haki ya kuchagua anachokifuata. Kama ngazi itakuja kisa kikifika mahali fulani, basi kazi ya mchezaji ni kukisia kisa kinakwenda wapi.

Dungeon World, mchezo wa mwaka 2012 wa Sage LaTorra na Adam Koebel, hulipa pointi moja kila urushaji unaposhindwa. Hurushwa dadu mbili, nyongeza ya mhusika ikiwapo huongezwa, na jumla ya 6 au chini ni kushindwa. Mwenye nyongeza ya 1 hushindwa mara 10 kati ya 36, karibu asilimia 28, na asiye na nyongeza mara 15, karibu asilimia 42. Hivyo mchezaji anapojaribu jambo asilolimudu, ndipo anapojifunza zaidi, na watu waoga mezani huchangamka. Mwishoni mwa kipindi kikosi kizima huulizwa kama kimejifunza jambo jipya na muhimu kuhusu ulimwengu, kama kimeshinda adui mashuhuri na kama kimepata hazina ya kukumbukwa. Maswali hayo matatu ndiyo maelezo mafupi na sahihi ya mchezo huo, kuliko utangulizi wowote.

Kwa kampeni za mahandaki, yaani mifululizo mirefu ya vipindi vya kucheza na wahusika wale wale, ninayoichagua mimi ni njia ambayo Arneson mwenyewe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu kampeni yake ya awali: dhahabu hulipa pointi inapotumiwa katika mambo anayoyapenda mhusika, wala si inapopatikana tu. Mmoja hujenga hekalu, mwingine hulewa hadi alfajiri, wa tatu hununua vitabu. Fedha haibaki rundo lisilo na kazi, mji ulio juu ya mahandaki unapata watu na majengo, na kila mchezaji huonyesha kwa matumizi yake mhusika wake ni mtu wa namna gani. Gharama yake ni kwamba msimamizi lazima awe na orodha ya bei za mambo makubwa, kuanzia karamu ya mtaa mzima hadi mnara wa mawe, na aiandae kabla kikosi hakijarudi na mzigo wake wa kwanza.