Nini maana ya "Mungu wa mapengo"?

"Mungu wa mapengo" ni jina la hoja. Hoja yenyewe huenda hivi: sayansi imeshindwa kueleza jambo fulani, basi jambo hilo Mungu kalifanya kwa mkono wake. Pengo ni pale maarifa yetu yalipokatikia, na Mungu huingizwa hapo alizibe. Wanaoitumia hoja hii mara nyingi wana nia safi ya kuitetea imani yao, na ndiyo maana inafaa kuichunguza kwa upole.

Isaac Newton, mtu aliyemcha Mungu, alieleza kwa nguvu ya mvutano jinsi sayari zinavyolizunguka jua. Lakini sayari nazo huvutana zenyewe kwa zenyewe, na Newton aliona kwamba kasoro hizo ndogondogo zingelimbikizana mpaka mfumo mzima uhitaji kutengenezwa upya. Matengenezo hayo akamwachia Mungu. Mwaka 1715 Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, alimpinga, tena kwa hoja ya kidini: fundi gani huyo mkamilifu ambaye saa aliyoiunda humlazimu kuirudia kila mara kuirekebisha? Kisha, katika miaka ya 1780, Mfaransa Pierre-Simon Laplace akapiga hesabu. Sayari ya Mshtarii (Jupiter) ilikuwa ikionekana kuongeza mwendo huku ile ya Zohali (Saturn) ikichelewa. Laplace akaonyesha kwamba mabadiliko hayo huja na kurudi katika mzunguko wa karibu miaka 900. Pengo likazibika. Hesabu zile hazikusema lolote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu, ila aliyekuwa ameiegemeza imani yake pale alijikuta hana pa kuegemea.

Hilo ndilo linaloniuma. Mungu anayesemwa kuwa ameumba vyote anageuzwa kuwa mpangaji wa vyumba ambavyo sayansi haijavifungua, na kila ugunduzi mpya unakuwa notisi ya kumhamisha.

Waumini wenyewe ndio waliolisema hili mapema. Mhubiri wa Scotland, Henry Drummond, mwaka 1894 aliwalaumu waliokuwa wakipekua mapengo ya sayansi ili wamjaze Mungu humo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyefungwa na utawala wa Hitler, aliandika kutoka gerezani Mei 1944 kwamba Mungu tumtafute katika tunayoyajua, si katika tusiyoyajua. Katika Uislamu onyo ni la zamani zaidi. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, watu walisema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akakataa: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Na Imamu Ghazali, karne ya 11, aliandika kwamba anayebishana na hesabu za wanafalaki kuhusu kupatwa kwa jua, akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini.

Jina hili hata hivyo hutumika vibaya pia. Anayeuliza kwa nini maumbile yana kanuni, na kwa nini akili zetu zinaweza kuzisoma, hajaanzia kwenye pengo. Ameanzia kwenye yale ambayo sayansi imefaulu. Unaweza kumpinga, lakini umpinge kwa hoja, si kwa kumbandika jina. Vilevile anayedhani kwamba kueleza jinsi mvua inavyonyesha kumemwondoa Mungu ana kosa lilelile la anayemweka Mungu kwenye mapengo, maana wote wawili wanaamini kiti ni kimoja: akikaa Mungu, sababu ya kimaumbile haina nafasi.

Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, ndiye aliyetoa wazo kwamba ulimwengu ulianza kutoka chembe moja ya awali. Mwaka 1951 Papa Pius XII alizungumza kana kwamba sayansi hiyo imekuwa shahidi wa uumbaji. Lemaître hakupendezwa. Aliendelea kuadhimisha misa na kukokotoa milinganyo yake, akishikilia kwamba nadharia ile iko nje ya swali la dini.