Je, wajua kwa nini gari hupungukiwa maji bila kudondosha hata tone?

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiongeza karibu nusu lita ya maji kwenye rejeta kila Jumapili asubuhi, na kila nilipochungulia uvunguni mwa gari sakafu ilikuwa kavu. Nikajiridhisha kwamba injini "inakunywa maji", kama wasemavyo madereva wengi, na kwamba kiasi hicho hutoweka kwa mvuke kama kinavyotoweka katika sufuria ya maharage. Nilikuwa nimekosea, tena si katika jambo moja.

Kwanza, injini isiyo na hitilafu hainywi maji. Pampu huyazungusha kando ya silinda, yakachukua joto, yakaenda kuliacha kwenye rejeta, kisha yakarudi pale pale yalipotoka. Yakipanuka kwa joto, sehemu yake husukumwa kwenye kopo la akiba. Injini ikipoa, hunyonywa kurudi ndani. Kwa hiyo usawa wa maji katika kopo hupanda na kushuka, lakini jumla yake haibadiliki. Gari linaloongezwa maji kila wiki linavuja, hata kama sakafu inasema vingine.

Kosa la pili, ambalo ndilo lililonichelewesha, lilikuwa kuudhani mfuniko wa rejeta kuwa kizibo tu. Mingi ya mifuniko hiyo imeandikwa juu yake 0.9 au 1.1, na nambari hiyo nilikuwa nikiidhania kuwa saizi, kama ya kiatu. Kumbe ni kiwango cha shinikizo. Ndani ya mfuniko mna springi inayozuia maji yasitoke mpaka shinikizo lifikie takriban kiwango hicho, kwa kipimo cha bar, juu ya lile la hewa ya nje. Faida yake huonekana ukikumbuka kwamba maji hayana nyuzi moja tu za kuchemkia: Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, Nairobi karibu nyuzi 94, kwa sababu huko juu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi zaidi. Chembe ya maji inayotaka kuwa mvuke ni kama abiria anayetaka kushuka kwenye daladala huku konda ameuegemea mlango. Kadiri konda anavyoegemea, ndivyo abiria anavyohitaji nguvu zaidi. Kwa mfuniko wa 0.9, usawa wa bahari, maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Ndiyo maana kuufungua mfuniko wakati injini ina moto ni hatari kubwa: konda ameondoka mlangoni ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 huchemka yote kwa mpigo, yakamrukia mtu usoni.

Shinikizo hilo hilo ndilo linaloficha uvujaji. Tundu dogo huweza kubana kabisa injini ikiwa baridi, likafunguka tu gari likiwa safarini, na matone yake yakaangukia chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika chini. Fundi baiskeli analijua jambo hili bila kusoma fizikia: hatumbukizi tyubu iliyosinyaa kwenye beseni, bali huijaza upepo kwanza ndipo atafute mapovu. Gerejini hufanyika vivyo hivyo. Injini ikiwa baridi, pampu ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa mfuniko, mfumo ukajazwa shinikizo la kiwango kilichoandikwa, lisizidi, kisha mshale ukatazamwa kwa dakika kumi na tano hivi. Wa kwangu ulishuka polepole mno. Kwa tochi tukaona, chini ya pampu ya maji, kitundu kilichowekwa makusudi kutoa maji pindi sili ya ndani, yaani kizuizi cha maji, inapochoka, na kando yake ukoko wa waridi, mabaki ya kulanti (kimiminika chenye rangi kinachotiwa kwenye rejeta) iliyokauka. Mfuniko niliokuwa nimeudharau ulipimwa pia, ukaonekana mzima.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi ndefu. Pampu ilibadilishwa pamoja na gasketi yake, kulanti mpya ikatiwa, na hewa ikatolewa kwa kuiacha injini ingurume mpaka thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ifunguke. Kama tatizo lingekuwa mpira wa kupitishia maji uliopasuka karibu na klipu, wakati mwingine ungetosha kukatwa ncha na kurudishwa. Dawa za kuziba zinazomiminwa ndani ya rejeta mimi naziogopa, kwani huweza kuziba pia vijia ambavyo havikuwa na tatizo.

Inabaki hofu ya kila mwenye gari: kuungua kwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake ili maji na gesi ya mwako visikutane. Dalili zake zinazosimuliwa sana zinahitaji tahadhari. Moshi mweupe asubuhi ya baridi kule Njombe huwa ni mvuke wa kawaida, na utando wa rangi ya maziwa chini ya kizibo cha oili huweza kutokana na safari fupi fupi zisizoipasha injini joto la kutosha. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kunyonya hewa iliyo juu ya maji ya rejeta na kuipitisha kwenye kimiminika cha buluu, ambacho hugeuka njano kikikutana na gesi ya mwako. Cha kwangu kilibaki buluu.