"Alleviate" si kuondoa

Kitenzi hiki cha Kiingereza kinatafsiriwa "kuondoa" kila mahali: kwenye ripoti, kwenye maandiko ya miradi, hata kwenye maelezo ya dawa. Maana yake ni kupunguza makali ya jambo linaloumiza au kulemea, liwe maumivu, njaa, umaskini au msongamano wa magari. Jambo lenyewe linabaki.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, "alleviare", kilichojengwa juu ya neno "levis", yaani -epesi. Mzigo umepunguzwa uzito, lakini aliyeubeba hajautua. Kinyume chake, "aggravate", nacho kimetokana na "gravis", yaani -zito. Kimoja kinapunguza uzito, kingine kinauongeza, na hakuna hata kimoja kinachosema mzigo umekwisha.

Chukua jino lililotoboka. Limekuamsha usiku wa manane, umemeza kidonge cha maumivu, baada ya muda unapata usingizi. Hapo ndipo "alleviate" inapofaa. Tundu liko palepale, na nguvu ya dawa ikiisha jino litaanza tena kupwita. Aliyekuandikia kwamba kidonge "kinaondoa tatizo la jino" amekucheleweshea safari ya kwa daktari.

Kwenye umaskini kosa hili ni zito zaidi, kwa sababu linagusa ahadi. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, lengo la kwanza lilitumia "end", kukomesha, na mwisho ukawekwa 2030. Mradi unaotumia "alleviate" umeahidi kidogo kuliko hapo. Mfasiri akiandika "kutokomeza umaskini", wananchi watadai kitu ambacho mwenye mradi hakukitamka kamwe, na watakuwa na haki ya kudai, maana ndivyo walivyosomewa.

Kuna na hili la sarufi: kinachofuata kitenzi hiki ni shida, si mtu. Kwa Kiingereza sanifu cha leo husemi ume-"alleviate" mgonjwa. Unasema maumivu yake. Ukitaka kumtaja mtu mwenyewe, tumia "relieve", ambacho kinaweza kabisa kumtua mtu mzigo.

Kwa hiyo ukikutana nacho tena, jaribu "kupunguza", "kutuliza" au "kupoza", kutegemea kinachozungumzwa, na "kuondoa" uiache kwa ajili ya "eliminate".