Kuhamia magurudumu matatu uzeeni: dhana potofu na ukweli wake

Pikipiki kubwa ya safari huanza kumshinda mwenyewe ikiwa imesimama, si ikiwa mwendoni. Honda Gold Wing ina zaidi ya kilo 360. Ikishika kasi uzito huo hausikiki, lakini penye mteremko na kokoto, unapohangaika kuigeuza ili uegeshe, goti lenye maumivu ndilo linaloubeba wote. Gurudumu la tatu hulitua goti mzigo huo, na hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye mengine yanayosemwa juu yake.

Tuelewane kwanza: si bajaji tunayoizungumzia. Ni chombo unachokikalia kwa kutanua miguu na kukiongoza kwa usukani wa pikipiki. Kuna chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama Harley-Davidson Tri Glide au Gold Wing zilizogeuzwa na fundi kuwa za magurudumu matatu, na kuna chenye mawili mbele na moja nyuma, kama Can-Am Spyder. Jamii ya tatu ni ile inayolala kwenye kona, na hiyo ina mtego wake.

Dhana: Mwenye miaka 30 ya pikipiki hana cha kujifunza

Anacho, tena ana na cha kusahau. Kwenye magurudumu mawili, ukishapita mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa, ili uende kulia unasukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu linaelekea kushoto kidogo, pikipiki inalalia kulia, kona inakatika. Wengi hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya. Chombo cha magurudumu matatu kisicholala hakina habari na mchezo huo: sukuma mkono wa kulia, nacho kitakwenda kushoto, usikotaka kabisa. Kwenda kulia unavuta mkono wa kulia na kusukuma wa kushoto. Kichwa hulielewa jambo hili kwa dakika moja. Mikono huchelewa, na hurudia mazoea yake hasa pale unaposhtuka.

Zoea la pili ni baya zaidi: kushusha mguu unapokaribia kusimama. Kwenye aina yenye magurudumu mawili nyuma, tairi liko nyuma ya kisigino chako. Unyayo ukigusa ardhi chombo kikiwa bado kinatembea, mguu huvutwa nyuma na tairi huupanda. Kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika hivyo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Miguu ibaki kwenye vikanyagio mpaka chombo kitulie kabisa. Hata kikitulia, haina kazi huko chini.

Na anayehamia Spyder ajue kwamba haina breki ya mkono kwenye usukani. Kanyagio moja la mguu wa kulia hufunga magurudumu yote matatu. Vidole vilivyozoea kukimbilia breki vitakamata hewa.

Kwa hiyo saa za mwanzo zipite kwenye uwanja mtupu. Anza kwa kuchora nane kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa, ukiambia mikono ivute upande unaokwenda. Kisha simama kwa nguvu ukiwa umenyooka kutoka kilomita 30, miguu juu, mara kumi au zaidi. Halafu rivasi, kwa kuwa vyombo vingi vya aina hii vinayo na waliotoka kwenye pikipiki hawajawahi kuizoea. Barabara ije baadaye.

Dhana: Kikiwa na magurudumu matatu hakipinduki

Kikiwa kimesimama hakianguki. Kwenye kona hayo ni mambo mengine. Vuta picha ya pembetatu ardhini, kila ncha ni tairi moja. Chombo kisicholala hubaki wima huku kona ikikisukuma nje. Msukumo ukizidi, uzito unavuka ukingo wa pembetatu, gurudumu la ndani linanyanyuka, na ukiendelea kulazimisha chombo kinalala ubavu.

Kwa nini breki katikati ya kona ni hatari zaidi kwenye Tri Glide kuliko kwenye Spyder? Breki hupeleka uzito mbele. Chenye gurudumu moja mbele, huko ndiko pembetatu inakoishia kwa ncha nyembamba. Chenye mawili mbele, huko ndiko ilikopanuka. Spyder ina pia mfumo wa kielektroniki unaopunguza nguvu ya injini na kugusa breki unapohisi gurudumu linanyanyuka, lakini mfumo huo haufuti sheria za maumbile. Kanuni ni moja kwa zote: mwendo upungue kabla ya kona, mwili uegemee ndani, kisha mafuta kidogo kidogo. Mizigo mizito ikae chini kabisa. Sanduku la juu lililojaa, likiwa na abiria mzito mbele yake, hupandisha kitovu cha uzito na kuileta karibu ile siku ya gurudumu kunyanyuka.

Dhana: Zote zinasimama zenyewe

Huu ndio ule mtego. Yamaha Niken, iliyoanza kuuzwa 2018, ina magurudumu mawili mbele lakini inalala kama pikipiki. Usiposhusha mguu kwenye taa nyekundu, inaanguka. Piaggio MP3 nayo inalala, ila ina kifaa cha kuifunga isilale inapokaribia kusimama. Mwenye nyonga mbovu akinunua kwa kuhesabu magurudumu tu, anaweza kurudi nyumbani na tatizo lilelile alilokwenda kulitibu.

Dhana: Mwili unapumzika

Miguu ndiyo inayopumzika. Mikono inaongezewa kazi, kwa kuwa hakuna kulala kunakousaidia usukani kugeuka. Tri Glide ina zaidi ya kilo 550, na barabara ya milimani ya saa tatu utaisikia mabegani. Kwenye pikipiki zilizogeuzwa hali huwa ngumu zaidi iwapo fundi amefunga ekseli ya nyuma na kuiacha pembe ya foku (mikono miwili inayolishika gurudumu la mbele) kama ilivyokuwa. Dawa yake ni vishikio vya foku vyenye pembe iliyoongezwa, vinavyosogeza mahali tairi linapogusa ardhi ili usukani uwe mwepesi. Baada ya hapo usukani unaweza kutikisika kwa mwendo mdogo; hilo hutulizwa kwa shokapu ya usukani. Unaponunua iliyogeuzwa, uliza vyote viwili.

Mwenye bega lililowahi kufanyiwa upasuaji ajaribu chombo angalau saa moja, kona zikiwemo. Dakika kumi za barabara iliyonyooka hazimwambii kitu. Macho, masikio na dawa zinazoleta usingizi navyo havibadilishwi na gurudumu la ziada.

Dhana: Matairi zaidi, mshiko zaidi kwenye mvua

Kwenye mchanga na lami yenye utelezi, ndiyo, kwa maana hutaanguka ubavu kwa sababu tairi moja limeteleza. Kwenye maji yaliyotuama ni kinyume. Tairi la pikipiki ni jembamba na la mviringo, hupasua maji. Tairi la nyuma la Spyder, 225/50 R15, ni pana na bapa kama la gari, na chombo chenyewe ni chepesi, kwa hiyo tairi huelea juu ya maji mapema. Punguza mwendo kabla ya dimbwi.

Mashimo nayo hayakwepeki kama zamani. Unaacha mistari mitatu barabarani, na upana ni karibu mita moja na nusu. Kwenye kona, gurudumu la nyuma la ndani hukata karibu zaidi na ukingo kuliko la mbele. Nguzo za lango hupata mikwaruzo hivyo.

Kuhusu leseni, kila nchi ina utaratibu wake: kwingine ya gari inatosha, kwingine ya pikipiki, kwingine ipo ya peke yake. Ulizia kabla ya kulipa, na bima pia.

Kuegesha: hakuna stendi, hivyo breki ya maegesho ifungwe kila mara. Kukiacha kikiwa kwenye gia hakutoshi. Spyder zenye gia za kujiendesha hazishiki kabisa injini ikizimwa, kwa kuwa klachi yake hukamata kwa mzunguko wa injini. Funga breki ya maegesho, achia kanyagio la breki ukiwa bado umekaa, uone kama chombo kinasogea, ndipo ushuke.