Tangazo la Kutilia Shaka Kwenye Mnada wa Sarafu

Tangazo la kutilia shaka si lazima liwe la tapeli. Ni tangazo ambalo sehemu zake hazipatani: picha inaonyesha hili na maelezo yanasema lile, uzito haulingani na madini yaliyotajwa, au bei iko chini ya thamani ya dhahabu iliyomo. Simu ya mtumba unaikisia tu kwa macho, lakini sarafu ilitolewa kwa kipimo. Uzito wake, upana, kiasi cha fedha au dhahabu, mwaka na alama ya kiwanda vilipangwa na aliyeitoa na vimo kwenye katalogi. Kwa hiyo uongo juu ya sarafu unapimika, hata kama sarafu iko Hamburg na wewe uko Chumbageni, Tanga.

Kwa watu wa Tanga jambo hili si la mbali. Neno "hela" limetokana na Heller, sarafu ya Wajerumani ya mwaka 1904, pale rupia moja ya koloni lao la Afrika Mashariki ilipogawanywa kuwa heller 100 badala ya pesa 64. Rupia zenyewe hazijaisha. Zimo kwenye makasha ya mabibi, nyingine zimetobolewa au kuchomelewa pete ya kupitishia mkufu zikavaliwa kama kidani. Mwenye nayo akiingia mtandaoni kutafuta bei, anakutana na matangazo chungu nzima ya rupia, na humo zimo halali na feki.

Tuiangalie rupia moja kwa karibu. Ina gramu 11.66, upana wa milimita 30.5 hivi, na fedha asilimia 91.7. Upande mmoja yuko Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, amevaa kofia ya chuma. Upande wa pili ndio wa kusoma kwa makini. Rupia za 1890 hadi 1902 zina simba mbele ya mti kama mnazi, pamoja na jina la kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Za 1904 hadi 1914 hazina simba. Zina maneno "1 Rupie" ndani ya shada, na herufi ndogo A ya kiwanda cha Berlin au J ya Hamburg. Tangazo la rupia ya 1911 yenye simba halihitaji mjadala. Aliyeichonga alichanganya nyuso mbili ambazo hazikuwahi kukutana.

Uzito unasema zaidi. Mwombe muuzaji picha ya sarafu ikiwa juu ya mzani unaosoma sehemu mbili baada ya nukta. Mzani wa jikoni unaoruka gramu kwa gramu haufai. Rupia iliyopita mikononi mwa watu miaka mingi hupungua kidogo, labda ikawa 11.5. Kwa hiyo ukiona sarafu imesagika hadi masharubu ya Kaiser hayaonekani, halafu maelezo yanadai gramu 11.66 kamili, ujue muuzaji amenakili katalogi na hajapima kitu. Hilo peke yake si wizi. Ni sababu ya kumuuliza tena.

Ukiwa nayo mkononi, kipimo cha maji kinamaliza ubishi mwingi. Weka glasi ya maji juu ya mzani, bonyeza urudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba inayosomeka ni gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu. Rupia halali husoma takriban 1.13, gawanya 11.66 kwa 1.13 unapata 10.3, na huo ndio msongamano (gramu kwa kila sentimita ya ujazo) wa fedha ya kiwango hicho. Ukisoma 1.31, jibu ni 8.9, nalo ni la shaba au mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kosa la kawaida hapa ni mapovu ya hewa yaliyoganda kwenye sarafu: yanapandisha namba na kuifanya rupia halali ionekane feki. Itikise taratibu, yatoke, kisha usome upya.

Sumaku inapendwa mno, nayo inatoa jibu nusu. Dhahabu na fedha hazivutwi, kwa hiyo kinachonasa kina madini mengine ndani, mara nyingi chuma. Lakini shaba haivutwi, shaba ya manjano haivutwi, risasi haivutwi. Kutonasa hakuthibitishi chochote.

Sasa bei. Kabla ya kuweka dau, piga hesabu ya thamani ya kuyeyusha: uzito mara usafi mara bei ya gramu ya siku hiyo. Chukua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa baharini na Waingereza, wakawa hawapati sarafu kutoka kwao Ujerumani. Ina tembo mbele ya mlima na herufi T, na zilitoka takriban 16,000 tu. Uzito wake ni gramu 7.168, dhahabu asilimia 75, yaani gramu 5.376 za dhahabu safi. Tuchukulie gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000: ndani ya sarafu hiyo kuna dhahabu ya shilingi 1,612,800, kabla hujalipia uadimu wake, ambao ndio unaoipandisha bei zaidi. Mtu anayeitangaza kwa "bei ya mwisho" shilingi 250,000 anakuambia kwamba ameshindwa kutembea hadi kwa sonara yeyote wa mji wake akalipwa mara tano. Mwenye dhahabu halali hana shida hiyo. Inayouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni shaba ya manjano iliyochovywa, na ikiwa na ukubwa uleule itapima gramu 4 hivi badala ya 7.

Tahadhari moja kwenye hesabu hii: katika mnada wa kweli bei ya kuanzia huwa chini makusudi ili watu waingie. Dau la kwanza la shilingi elfu kumi halina neno. Bei ya kutilia shaka ni ile ya kununua papo hapo, au ile mnada unapofungwa bila mjuzi yeyote kugusa.

Lugha ya tangazo ndipo panapofichwa mengi, na huko mara nyingi muuzaji hasemi uongo hata kidogo; anategemea wewe usome haraka. "German silver" haina fedha ndani, ni shaba, nikeli na zinki. "Alpaca" ni hiyohiyo. "Plated", "layered", "clad" na herufi HGE zote zinamaanisha mchovyo au ganda juu ya kitu kingine. Wengine huandika "100 mills .999 gold". Mili ni sehemu ya elfu ya inchi, basi mili 100 ni milimita 2.54, unene wa sarafu nzima, na hakuna anayechovya sarafu kwa dhahabu ya unene huo. Ubaya mkubwa uko kwenye vipande vidogo vya dhahabu vinavyouzwa kwa "grain". Grain si gramu. Gramu moja ina grain 15.43, kwa hiyo kipande cha "1 grain" kina gramu 0.065, na kwa bei tuliyoichukulia hakifiki shilingi 20,000. Picha huwa imekuzwa kikaonekana kama kipande cha benki.

Kuna pia tangazo ambalo sarafu ni halali na maelezo ndiyo feki. Riale ya Maria Theresa, iliyotembea sana pwani yetu, ina mwaka 1780 kwa sababu malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile hadi zama hizi. Ni fedha kweli, gramu 28.07, usafi asilimia 83.3, na ukingoni ina maandishi IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ila anayeiuza kama kitu cha miaka mia mbili na zaidi, bila kueleza toleo, anauza umri ambao huenda haupo. Na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, inayojulikana sana kwetu, ina fedha robo tu kwa zile za 1921 hadi 1946; gramu 7.78 zinatoa gramu 1.94 za fedha. Za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Ukikuta "fedha safi, 1950", pita.

Picha zikaguliwe peke yake. Tafuta picha hiyo kwa kutumia picha yenyewe kwenye intaneti. Ikitokea kwenye mnada wa zamani wa nchi nyingine, imeibwa. Mikwaruzo ya sarafu ni kama alama za vidole, hakuna rupia mbili zenye mikwaruzo ileile mahali palepale. Muuzaji mwenye rupia tano "tofauti" zote na kovu moja shavuni anauza zilizomiminwa kwenye kalibu. Za kumimina huwa pia na vishimo vidogo vya hewa, herufi zilizolegea, na mara nyingine mshono ukingoni. Omba picha ya ukingo, na picha ya sarafu pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo. Angalia kidole au kivuli kimekaa wapi: sheria ya Marekani ya 1973 inataka sarafu za kuigiza zigongwe neno COPY, na kidole gumba hulifunika neno hilo vizuri sana.

Kuhusu muuzaji, akaunti mpya si kosa. Kinachoshtua ni akaunti ya miaka minane iliyokuwa ikiuza nguo za watoto, ghafla inatangaza vipande 40 vya dhahabu kwa siku tatu. Hiyo huenda imetekwa. Kwenye dau nako kuna wapiga debe: mshiriki asiye na manunuzi, anayepandisha bei kwa muuzaji huyohuyo kila mara na hashindi kamwe.

Malipo yafanyike ndani ya mfumo wa mnada. Anayekuhamishia WhatsApp akupunguzie bei, kisha akutake utume kwa simu au kwa Western Union, ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukishatoka nje ya mfumo, ulinzi wa mnunuzi hauna cha kushika.

Zikija sarafu za kale za Kilwa au vitu vilivyochimbwa magofuni kama Tongoni, shaka ni ya aina nyingine: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuvitoa nchini bila kibali, hata vikiwa halali kama sarafu.

Kifurushi kikifika, kifungue ukiwa unarekodi video moja isiyokatwa, kuanzia utepe haujaguswa hadi sarafu iko juu ya mzani na namba inasomeka. Usiisugue kwa ndimu wala majivu. Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei, na muuzaji atadai si ile aliyotuma. Pima siku hiyohiyo, maana muda wa kulalamika una mwisho, na lalamiko liandikwe kwenye ujumbe wa mnada wenyewe pamoja na namba mbili: uzito mkavu na uzito wa maji.